Kutabiri hali ya hewa ya glaida Uganda: anza na saa ya kutua

Rubani wa glaida, ndege isiyo na injini, hana cha kumtoa matatani. Anategemea termali, yaani hewa iliyopashwa moto na ardhi ikapanda, na hewa hiyo ikikoma naye anatua. Kule Ulaya, ambako vitabu vingi vya mchezo huu vimeandikwa, mwanafunzi huamka akijiuliza kama jua la leo litatosha. Uganda swali hilo halina kazi. Ikweta inapita nchini kwetu, jua lipo mwaka mzima, na termali tunazo siku nyingi. Kinachotusumbua ni unyevu. Wingu jeupe la saa tano asubuhi linaweza kuwa mlima wa radi ifikapo saa nane. Kwa hiyo kila anayeanza mimi humwambia jambo hili kabla ya lingine lolote: utabiri wako utaje saa ya kutua kabla haujataja saa ya kupaa.

Mimi nilijifunzia glaida Mweiga, Kenya, kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Sasa naishi Soroti, na huandika utabiri wa siku hata kama siku hiyo sirushi chochote. Hatua hizi ndizo ninazozifuata, na zinamfaa pia mwenye paraglaida, ule mwavuli wa kitambaa wa kurukia. Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, kipimajoto kilichotundikwa kivulini mahali penye hewa, na simu yenye bando.

Hatua ya 1: Jua msimu, kisha jua mahali ulipo

Kusini mwa nchi mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ukienda kaskazini, Lango na Acholi, misimu hiyo miwili inashikana na kuwa mmoja mrefu wa Aprili hadi Oktoba. Karamoja ndiko kukavu zaidi. Yote hutokana na ukanda ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana: ukanda huo hulifuata jua kwenda na kurudi, na unapopita juu yako hewa yote, chini hadi juu, huwa imelowa.

Siku nzuri kupita zote kwetu ni za Desemba hadi Februari. Kaskazi, upepo ule ule watu wa pwani wanaoujua kwa majahazi, hufika huku bara ukiwa mkavu. Mawingu hukaa juu, madogo, na mengine hayatokei kabisa. Ubaya wake ni moshi wa nyika zinazochomwa, ambao hufifisha jua na kuchelewesha termali, wakati mwingine hadi adhuhuri.

Baada ya msimu, tazama ramani. Ukiwa Entebbe au Kajjansi, bwana mkubwa wako ni Ziwa Viktoria. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda, upepo hugeuka na hewa baridi ya ziwa huingia barani, na popote inapofika, termali hufa. Kwenye picha ya satelaiti ya mchana utaliona ziwa likiwa wazi bila wingu, na mawingu yamejipanga ndani ya nchi kavu kama watu waliozuiwa mlangoni. Msitari huo wa mawingu ndipo hewa ya ziwa inapogongana na hewa ya bara na kuisukuma juu. Ukiruka upande wake wa bara utapanda vizuri. Upande wa ziwa hutapata kitu.

Usiku mambo hugeuka. Upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na radi huwaka hadi alfajiri. Wavuvi wa visiwa vya Ssese wanazijua, na wengi zimewaua. Kwako wewe maana yake ni kwamba Entebbe inaweza kuamka chini ya masalio ya mawingu ya usiku, na siku yote ikachelewa.

Mashariki kuna Elgon, mita 4,321. Miteremko yake hupata jua mapema, hewa hupanda kuufuata mlima, na wingu la kwanza la radi Mashariki yote mara nyingi huzaliwa hapo. Magharibi kuna Rwenzori, mita 5,109, mlima uliolowa ambao huvaa kofia ya mawingu siku nyingi. Anayeanza asijaribu kuukaribia.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Vinamasi vya mafunjo vinavyozunguka Ziwa Kyoga havipati moto, jua lote huishia kukausha maji. Mashamba yaliyokwisha kulimwa, barabara za murram, paa za mabati za mji na miamba hupata moto upesi. Mwamba wa Soroti, mawe ya Nyero kule Kumi, mwamba wa Tororo: hizo zote ni jiko la termali. Chora ramani yako mwenyewe ya majiko na vinamasi vya eneo lako, itakufaa kuliko programu yoyote.

Hatua ya 2: Usiku uliotangulia

Anza na utabiri wa wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Uganda. Usiuruke kwa sababu ni wa eneo pana. Hao ndio wenye vituo ardhini. Kisha fungua picha za satelaiti ya Meteosat za siku tatu zilizopita, na kwa kila siku andika saa ambayo wingu la kwanza la radi lilijitokeza ndani ya kilomita 50 kutoka uwanja wako. Wingu la radi linatambulika kwa urahisi: kilele chake cheupe hutanuka haraka na kupoteza umbo la pamba. Bila badiliko kubwa la upepo, kesho hufanana na jana kuliko mtu anavyotaka kuamini.

Ndipo uje kwenye modeli, yaani programu za kompyuta zinazotabiri hewa. Tovuti ya Windy itakuonyesha ile ya Ulaya, ECMWF, na ile ya Marekani, GFS. Usizitazamie zikuambie mvua itanyesha kijiji gani. Mraba mmoja wa modeli hizi una upana wa kilomita kadhaa, ilhali wingu letu moja linaweza kuwa dogo kuliko huo. Zitumie kwa mambo mawili ambayo zinayaweza.

La kwanza ni upepo, ardhini na kwenye kimo cha mita 1,500 juu yako. Ukipita noti 15 ardhini, karibu kilomita 28 kwa saa, termali huvunjikavunjika na mwanafunzi abaki chini. La pili, ambalo ndilo kubwa kwetu, ni unyevu wa hewa ya kati, kati ya kilomita 3 na 6 juu ya usawa wa bahari, yaani ngazi za hektopaskali 700 na 500. Kama hewa hiyo ni kavu, wingu likichomoza kichwa linakaushwa na kubaki dogo. Kama imelowa, hasa upepo ukitoka magharibi na kuleta hewa ya Kongo, hakuna cha kulizuia. Wageni hutazama namba ya CAPE pekee, ambayo hupima nguvu za radi zilizolala hewani. Kwetu namba hiyo huwa kubwa hata siku zinazopita salama. Unyevu wa kati ndio unaonitenganishia siku na siku.

Zile sura ndefu za vitabu kuhusu hewa baridi na hewa moto zinazosukumana kama majeshi, ziweke kando. Hazifiki Ikweta. Hata mgandamizo wa hewa hapa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa desturi yake: hufikia juu mnamo saa nne asubuhi na chini mnamo saa kumi alasiri. Ukiuona unashuka mchana usishtuke.

Hatua ya 3: Asubuhi, soma METAR

METAR ni taarifa fupi ya uwanja wa ndege. Huu hapa ni mfano niliouunda kwa ajili ya somo:

HUEN 150600Z 36004KT 9999 FEW020 24/18 Q1019

HUEN ni Entebbe. Tarehe ni 15, saa 0600 ya Zulu, yaani saa ya Greenwich ambayo marubani hutumia. Upepo unatoka kaskazini kwa noti 4, kumaanisha ule wa nchi kavu bado unatawala. Macho yanaona kilomita 10 au zaidi. Kuna mawingu machache futi 2,000 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 24, na 18 ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa hadi hapo itaanza kutoa matone. Mwisho ni mgandamizo.

Saa ya Zulu huwachanganya wanafunzi wengi, nao wasemaji wa Kiswahili ndio wenye njia nyepesi kuliko wote: toa 3. Zulu 0600 ni saa tatu asubuhi, Zulu 0900 ni saa sita mchana, Zulu 1200 ni saa tisa alasiri. Hakuna haja ya kupitia saa za Kizungu katikati.

Namba mbili unazozihitaji ni joto na kiwango cha umande. Kama uwanja wako hauna METAR, soma kipimajoto chako mwenyewe, na kiwango cha umande kichukue kwenye modeli.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kitako cha wingu

Chukua joto la juu unalotarajia mchana, toa kiwango cha umande, zidisha kwa 125. Jibu ni mita kutoka ardhini hadi kitako cha wingu la pamba.

Tuseme ni Januari, Soroti. Unatarajia nyuzi 33 na kiwango cha umande ni 15. Tofauti ni 18, mara 125 ni mita 2,250. Soroti iko karibu mita 1,115 juu ya usawa wa bahari, hivyo altimita, kile kipima kimo, iliyowekwa kwa usawa wa bahari itasoma kama 3,365 ukifika kitakoni. Siku ya kifalme. Sasa tuseme ni Mei: nyuzi 28, kiwango cha umande 20. Tofauti 8, mita 1,000 tu. Unaweza kuruka, lakini karibu na uwanja, na jicho likiwa juu muda wote.

Ukitaka kujua termali zitaanza lini, hesabu nyingine. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi 1 kila mita 100. Fungua kwenye Windy mchoro unaoonyesha joto kwa kimo, usome joto la mita 1,500 juu ya ardhi yako. Kama ni nyuzi 16, ardhini panahitajika 16 na 15, yaani nyuzi 31, ili termali ifike hapo. Tazama kipimajoto chako kitagonga 31 saa ngapi. Ukikuta kwenye mchoro huo mahali ambapo joto linapanda badala ya kushuka unapokwenda juu, hicho ni kifuniko: termali zitagota hapo mpaka ardhi ipate moto wa kutosha kukitoboa. Kifuniko si adui. Siku nyingi za Mei ningekishukuru.

Hesabu hizi zina mwanya. Kiwango cha umande hushuka kidogo mchana hewa ya juu inapochanganyika na ya chini, kwa hiyo kitako halisi huwa juu kidogo kuliko ulivyoandika asubuhi. Karibu na ziwa huwa kinyume, upepo wa ziwa huleta unyevu na kitako hushuka.

Hatua ya 5: Andika saa ya kutua

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo watu huumia.

Aprili mmoja nilikuwa kwenye uwanja wa malisho nje ya Kumi, nimetandaza paraglaida majanini. Hesabu zangu zilisema kitako mita 1,200, upepo hafifu, na nilikuwa nimejiandikia mwisho saa kumi. Ilikuwa saa nane u nusu. Juu yangu mawingu yalikuwa mazuri, yenye vitako bapa. Upande wa Elgon kulikuwa na weusi, lakini mbali, na sikusikia ngurumo. Kisha upepo ukakata. Kimya kabisa, hata kile kitambaa cha kuonyesha upepo kikalala kwenye fimbo yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga alinijia akitembea haraka. Nilimwamkia, akaitika, akanyosha fimbo yake mashariki. "Mwanangu, kunja nguo yako hiyo. Ng'ombe wameshageuka." Kweli, kundi zima lilikuwa limeupa mlima mgongo. Nilitazama saa, nikaanza kukunja. Dakika ya 11 nikaona majani ya mbali yakilala, nyuma yake ukuta wa vumbi jekundu, na kabla sijafunga mkoba upepo ukanisukuma hatua tatu nyuma. Hewa ilipoa ghafla kama mtu amefungua friji. Mvua yenyewe haikutufikia kamwe.

Ningekuwa hewani, ningekuwa chini ya mwavuli wa kitambaa ndani ya upepo ule. Wingu la radi linaponyesha, hewa baridi huanguka nalo, ikifika chini hutawanyika pande zote, na inaweza kutangulia mbele ya mvua kwa kilomita 20 na zaidi. Mbingu juu yako inaweza kuwa ya kupendeza. Upepo uliokata ghafla mchana wa joto ni onyo, si utulivu.

Tangu siku hiyo saa ya kutua naipata hivi. Nachukua saa ya mapema kabisa ambayo radi ilionekana katika zile siku tatu za satelaiti, natoa saa moja u nusu. Kama hewa ya kati imelowa, natoa saa nyingine. Kama saa tano asubuhi mawingu tayari yana urefu kupita upana, natoa saa nyingine tena, na siku nyingi za Aprili hesabu hiyo huniambia nisiruke kabisa. Ni kanuni yangu ya Teso, eneo hili la Soroti na Kumi. Wewe wa Mbarara au Gulu utapata yako kwa daftari lako.

Kuhusu unene wa wingu: mstari wa barafu kwetu uko karibu mita 4,800 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana barafu ya Rwenzori imebaki vileleni tu. Kama mchoro wa joto unaonyesha wingu litapita mstari huo bila kukuta kifuniko wala hewa kavu, lihesabu kuwa la radi. Na ukisikia ngurumo ukiwa unajiandaa, umeshachelewa: ngurumo husikika kilomita 15 hivi, na upepo wake hutangulia zaidi ya hapo.

Saa ukiipata, iandike kwa kalamu na umwambie mtu wa chini. Asiyemwambia mtu husogeza saa yake kila anapopata termali nzuri.

Hatua ya 6: Toka nje ulinganishe

Kampala wanaokwambia termali zimeanza ni kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaokaa kwenye majalala na miti ya mjini. Ni wazito, hawapendi kupiga mabawa. Asubuhi husimama tu. Wakianza kuzunguka bila kupiga mabawa, hewa imeanza kubeba. Tai hufanya hivyo hivyo, na mwewe, aliye mwepesi, huwatangulia kwa sababu termali dogo linamtosha. Ukiwaona mwewe tu, ngoja kidogo.

Moshi nao ni kitabu. Chagua tanuri la matofali au la mkaa lililo mbali na ulitazame kwa dakika tano. Moshi ukipanda kisha ukatandazika kama mkeka, hapo ndipo kilipo kifuniko, na kimo chake unaweza kukikadiria kwa macho. Ukiuona umepinda kuelekea upande mmoja chini na upande mwingine juu, upepo unabadilika kwa kimo. Kisulisuli cha vumbi shambani ni mzizi wa termali kali. Kinakuonyesha wapi pa kupata mpando, na kinakuonya usikisogelee ukiwa chini.

Kwenye wingu la pamba tazama kitako kwanza. Kitako bapa, cheusi, chenye kingo kali: linaishi. Kingo zikianza kuchakaa kama pamba iliyochambuliwa, linakufa, usilifuate. Kisha tazama kichwa. Kikiwa kama koliflawa na kinaongezeka kila unapogeuka, andika saa.

Hatua ya 7: Jioni, jisahihishe

Chora safu nne kwenye daftari: nilichotabiri, kilichotokea, tofauti, sababu. Andika kitako ulichokihesabu na ulichokiona, saa ya wingu la kwanza, saa ya ngurumo ya kwanza hata kama ilikuwa mbali, na upepo wa saa tisa. Utabiri uandikwe asubuhi kabla hujatazama dirishani, la sivyo utakuwa unanakili mbingu.

Fanya hivyo siku 30 mfululizo, zikiwemo za mvua ambazo hukuwa na nia ya kuruka. Kisha weka pamoja siku zote ulizokosea saa ya radi. Kama ulikosea kwa kuchelewa mara nyingi kuliko kwa kuwahi, ongeza nusu saa kwenye kile unachokitoa katika hatua ya 5. Kama ulikosea siku za upepo wa magharibi tu, ziachie siku hizo mstari wao peke yake. Msimu ukibadilika, fungua ukurasa mpya: namba za Januari zisivuke Machi.